Mto Taiya wa Alaska: je, dhahabu ilichimbwa humo, au mto ulikuwa njia tu?

Msomaji wa Ramani

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba kueleweshwa kuhusu mto mmoja mfupi ulioko kusini-mashariki mwa Alaska, uitwao Taiya. Unaanzia kwenye milima ya mpakani, pale Alaska inapopakana na British Columbia ya Kanada, unateremka kuelekea kusini kwa takriban kilomita 27 tu, kisha unamwaga maji yake katika hori nyembamba iliyo mwisho kabisa wa Lynn Canal, mkono mrefu wa bahari, jirani na mji wa Skagway. Pamoja na ufupi wake huo, karibu kila maelezo ya mbio za dhahabu za Klondike yanautaja, na mlangoni mwake palikuwa na mji uitwao Dyea, ambao katika majira ya baridi ya 1897 hadi 1898 ulijaa maelfu ya watu na leo ni mahame.

Nataka kujua kwanza kama dhahabu ilipatikana katika mto wenyewe, maana nimesoma maandishi yanayouita mto wa dhahabu bila kueleza zaidi. Kama haikupatikana, basi ni kwa sababu gani, ilhali mito mingi ya milimani huteremsha chembe za dhahabu pamoja na mchanga wake? Jambo jingine linalonisumbua ni hatima ya mji wenyewe. Picha za zamani zinaonyesha barabara, hoteli na maghala, na picha za siku hizi zinaonyesha misitu na nyasi. Mji wa ukubwa huo unawezaje kutoweka hata misingi yake isionekane?

Mwamba Mkongwe

Ndugu Msomaji wa Ramani, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba Taiya haukuwa mto wa kuchimba dhahabu, bali ulikuwa njia ya kuifikia. Dhahabu iliyowatoa watu makwao ilipatikana tarehe 16 Agosti 1896 katika kijito kilichokuja kuitwa Bonanza, kinachoingia kwenye mto Klondike huko Yukon ya Kanada, upande wa pili wa milima, mamia ya kilomita kaskazini mwa Taiya. Waliokuwapo siku hiyo ni Keish, aliyejulikana zaidi kwa jina la Skookum Jim, mpwa wake aliyeitwa Dawson Charlie, dada yake Shaaw Tláa, yaani Kate Carmack, pamoja na mume wa dada huyo, George Carmack. Habari hazikutoka haraka. Hadi meli Portland ilipotia nanga Seattle tarehe 17 Julai 1897 ikiwa na wachimbaji na dhahabu yao, ndipo dunia ilipopata wazimu, na wengi wa waliosafiri wakaangukia kwenye mlango wa mto huu.

Swali lako la sababu ndilo linalonivutia zaidi, kwa kuwa jibu lake limo ndani ya barafu. Taiya ni mto wa barafuto, yaani unalishwa na ile barafu nzito ya milimani ambayo hujikusanya kwa karne nyingi na kuteleza polepole kufuata mabonde, huku ikisaga mwamba ulio chini yake. Bonde zima la Taiya lilichongwa na barafuto kubwa zaidi za zamani. Ndiyo maana kuta zake zimesimama wima na sakafu yake ni tambarare, na ndiyo maana hori linalopokea mto huo lina kina kikubwa. Sasa, dhahabu ya mtoni haijikusanyi kwa siku moja. Maji lazima yabomoe mwamba wenye mishipa ya dhahabu kwa mamilioni ya miaka, yachukue vitu vyepesi na kuviacha vizito vizame chini ya changarawe. Barafuto haichambui namna hiyo. Hubeba jiwe kubwa, kokoto na vumbi kwa pamoja na kuvitupa vyote mahali pamoja, hivyo hata kama kulikuwa na dhahabu, husambazwa au husukumwa baharini. Tena mwamba wa milima ile ya pwani kwa sehemu kubwa ni matale na jamii zake, si mwamba uliokuwa na utajiri wa dhahabu kama ule wa Klondike.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nchi ya Klondike yenyewe haikufunikwa na barafu hiyo. Wakati karibu Kanada yote ilipokuwa chini ya barafu, sehemu kubwa ya Yukon ya kati na Alaska ya ndani ilibaki kavu kwa sababu mvua na theluji ya kutosha haikufika huko. Milima mirefu ya pwani iliizuia. Kwa hiyo changarawe za kale za Klondike zilibaki mahali pake bila kukwanguliwa, na dhahabu yake ikabaki humo ikingoja. Milima iliyoilinda nchi ile dhidi ya barafu ndiyo hiyo hiyo iliyowalazimisha wachimbaji kupanda kwa miguu, na mto unaotoka kwenye barafu za milima hiyo ndio uliokuwa barabara yao. Sioni namna bora zaidi ya kuuelewa mto Taiya kuliko kuanzia hapo.

Mpanda Vilima

Namshukuru Mwamba Mkongwe kwa maelezo yake. Mimi nimepita njia ile kwa miguu wakati wa kiangazi, na ningependa kuongeza jinsi mto ulivyotumika, kwa sababu neno njia linaweza kumfanya msomaji afikiri kwamba watu walipiga makasia tu hadi mlimani.

Njia ya Chilkoot ina urefu wa takriban kilomita 53 kutoka Dyea hadi ziwa Bennett, na karibu nusu yake ya kwanza inafuata bonde la Taiya. Haikugunduliwa na wachimbaji. Watlingit wa Chilkoot na Chilkat, wenyeji wa pwani ile, waliimiliki kwa vizazi vingi na kuitumia kufanya biashara na watu wa bara: walipeleka mafuta ya samaki wadogo ambao huingia mtoni kutoka baharini kila majira ya kuchipua, na kurudi na manyoya na ngozi. Hawakumruhusu mgeni kupita apendavyo. Ilibidi mwaka 1880 ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Kamanda Lester Beardslee, apatane na wazee wao ndipo kundi la kwanza la wachimbaji likapitishwa, na kwa miaka iliyofuata Watlingit walikuwa wapagazi wa njia hiyo, wakipanga bei kwa ratili na kuipandisha kadiri wateja walivyozidi. Ninalisisitiza hili kwa sababu maelezo mengi humwanzisha shujaa wao na meli ya Seattle, kana kwamba bonde lilikuwa tupu.

Katika kiangazi cha 1897 watu walivuta mitumbwi na mashua kwa kamba kupanda mto kwa kilomita chache za mwanzo, wakivuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine mara kwa mara, kwa sababu Taiya haukai katika mkondo mmoja. Hugawanyika katika vijito vingi kati ya matuta ya changarawe. Baada ya hapo bonde hubana na kuwa korongo. Wakati wa kiangazi ilibidi kupanda juu ya korongo hilo kwenye matope na mizizi, lakini majira ya baridi yalipogandisha mto, watu waliburuta sleji zao juu ya barafu ndani ya korongo lenyewe. Kwa hiyo mto ulikuwa kizuizi mwezi wa Julai na barabara nzuri mwezi wa Januari, na hiyo ndiyo sababu msongamano mkubwa ulitokea kwenye baridi kali, wakati ambao mtu wa kawaida angedhani ni wa kukaa ndani.

Juu ya korongo palikuwa na kambi iliyoitwa Sheep Camp, na baada yake mwinuko wa mwisho wa kipito cha Chilkoot, yaani pengo la kuvukia mlima, wenye kimo cha mita zaidi ya 1,000 juu ya bahari, ambapo ngazi zipatazo 1,500 zilichongwa kwenye barafu na theluji. Kuanzia Februari 1898 polisi wapanda farasi wa Kanada walisimama pale juu wakitoza ushuru wa forodha na kumrudisha yeyote asiye na chakula cha mwaka mzima. Chakula hicho pamoja na mahema, misumeno na zana vilifikia karibu ratili 2,000, yaani kilo 900 hivi kwa mtu mmoja. Aliyekosa fedha za wapagazi alibeba mzigo wake kidogo kidogo: hupeleka sehemu mbele, huificha, hurudi kuchukua nyingine, hivyo akayapita maeneo yale yale mara thelathini au zaidi kabla ya mali yake yote kufika juu.

Kuhusu maji yenyewe, ukisimama ukingoni mwezi wa Julai unaona rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu. Huo ni unga wa mawe uliosagwa na barafuto. Nilichota chupa moja jioni na kuiacha wima hadi asubuhi. Juu maji yalikuwa yameanza kung'aa, lakini chini palikuwa na tabaka la kijivu laini mno kiasi kwamba nilipolisugua kati ya vidole sikuhisi chembe hata moja. Baridi yake ni ya kuumiza mifupa. Na anayetaka kuvuka kijito chochote cha namna hiyo ajue kwamba hupungua alfajiri na kufurika alasiri na jioni, hasa siku ya jua kali, kwa kuwa jua ndilo linaloyeyusha barafu na maji huchukua saa kadhaa kufika bondeni.

Msomaji wa Ramani

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Mmenifungua macho, hasa juu ya nchi ya Klondike kutofunikwa na barafu. Limebaki suala la Dyea. Iwapo njia ya Chilkoot ilikuwa maarufu kiasi hicho, kwa nini mji ulikufa ndani ya miaka michache, ilhali Skagway ulio karibu nao uko hai hadi leo?

Binti wa Pwani

Kaka, acha nijaribu suala hilo la Dyea, kwa kuwa ndilo ninalolifuatilia zaidi. Mji uliuawa na mambo kadhaa yaliyofuatana kwa haraka, kisha mto ukaja kuuzika.

Anza na bahari. Skagway ina maji yenye kina karibu na ufuko, kwa hiyo meli zingeweza kufunga gatini. Dyea ilikaa kwenye delta ya Taiya, na kwa kuwa mto wa barafuto huteremsha mchanga na tope bila kukoma, mbele ya mji palikuwa na tambarare pana ya tope inayofunikwa wakati wa maji kujaa na kuachwa wazi wakati wa kupwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika hori lile ni kubwa, mita kadhaa. Meli zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kumwagwa kwenye tope, na mwenye mali akawa na saa chache tu za kuhamisha unga, sukari na maharagwe yake kabla bahari haijarudi. Gati refu lilijengwa baadaye kuvuka tope hilo, lakini lilikuja wakati neema inakaribia kwisha.

Kisha likaja pigo la theluji. Tarehe 3 Aprili 1898, Jumapili ya Matawi, maporomoko ya theluji yaliteremka kati ya Sheep Camp na kipito, yakawafukia watu wengi waliokuwa wakikimbilia chini kwa sababu ya dalili za hatari, wakiwemo wafanyakazi wa nyaya za kubebea mizigo angani. Waliokufa walikuwa 60 na zaidi. Wengi wao walizikwa Dyea katika makaburi yanayojulikana kama Slide Cemetery, na kitu kinachomkaba mtu koo pale ni kusoma ubao mmoja baada ya mwingine, majina tofauti, miji ya asili tofauti, na chini ya kila jina tarehe ile ile.

Lililoumaliza mji kabisa lilikuwa reli. Mwezi Mei 1898 kampuni ya White Pass and Yukon Route ilianza kutandika reli kutoka Skagway kupitia kipito cha White Pass; ilifika kileleni Februari 1899 na Whitehorse mwaka 1900. Hakuna ambaye angelipia nyaya za Chilkoot, achilia mbali kubeba mgongoni, wakati behewa lingempitisha mlimani ameketi. Kampuni ya reli ilizinunua nyaya hizo na kuziondoa. Posta ya Dyea ilifungwa mwaka 1902, na mwaka uliofuata wakazi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nyumba nyingi zilibomolewa ili mbao zake zitumike kwingine, na waliobaki wakalima mboga mahali palipokuwa na mitaa.

Hapo ndipo mto unapoingia. Mkondo wa Taiya kwenye delta huhama, na umemega sehemu kubwa ya eneo la mji wa zamani, udongo na misingi pamoja. Hata makaburi ya mji, tofauti na yale ya maporomoko, yaliliwa na mto kiasi kwamba katika miaka ya 1970 mabaki yaliyoweza kuokolewa yalihamishwa. Kinachoonekana leo ni kidogo: ukuta wa mbele wa ofisi moja ya biashara ya viwanja, mbao zilizochakaa zikishikiliwa na mihimili ili zisianguke, na safu mbili za vigingi vya gati vilivyooza, vimesimama kwenye nyasi, mbali na maji.

Mwamba Mkongwe

Dada Binti wa Pwani ametaja vigingi vya gati kusimama nyasini mbali na maji, na hili linastahili maelezo, maana wengine watadhani ni mchanga wa mto tu uliojaza bahari. Mchanga una sehemu yake, lakini jambo kubwa ni kwamba nchi yenyewe inapanda. Barafu nzito iliyokuwa juu ya eneo lile kwa karne kadhaa ilikandamiza gamba la dunia, na tangu ilipoanza kupungua mwishoni mwa karne ya 18, gamba hilo linajiinua. Katika eneo la Skagway na Dyea kasi yake ni kati ya sentimita moja na nusu na mbili kwa mwaka, ambayo ni miongoni mwa kasi kubwa kabisa duniani. Zidisha kwa miaka zaidi ya 120 utapata kimo cha mtu mzima. Kwa hiyo tope walilolikimbia wenye mizigo mwaka 1897 sasa ni malisho, na malisho ya wakati ule sasa ni msitu. Ndiyo maana picha za zamani na za sasa, Ndugu Msomaji wa Ramani, hazifanani hata kwa umbo la ardhi.

Mpanda Vilima

Naongeza jambo moja kwa yeyote anayefikiria kwenda. Barafuto za bonde lile huacha maziwa nyuma ya moreni, yaani matuta ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu, na maziwa hayo hupasuka. Septemba 1897 mafuriko ya ghafla kutoka ziwa la namna hiyo yalipita Sheep Camp na kufagia mahema na mali. Tarehe 23 Julai 2002 moreni iliporomoka ndani ya ziwa lililo chini ya barafuto ya West Creek, mkono wa Taiya unaoingia karibu na Dyea, maji yakaruka ukingo, na wageni wakahamishwa haraka kutoka kambi ya mahema. Mvua za vuli nazo zina nguvu. Mafuriko ya mwaka 2022 yaliharibu madaraja na vipande vya njia upande wa Marekani.

Bonde la Taiya limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Klondike, iliyoundwa mwaka 1976, na upande wa Kanada unatunzwa kama eneo la kihistoria la taifa hilo. Kwa miaka mingi aliyetaka kuvuka mpaka kwa miguu alihitaji kibali na hati zake za kusafiria, kwa kuwa alianzia nchi moja na kumalizia nyingine. Vitu vilivyoachwa njiani, kuanzia kopo lenye kutu hadi lile boila kubwa la mvuke la kuendeshea nyaya ambalo bado limelala msituni pale palipokuwa na kambi ya Canyon City, ni mali ya historia na sheria inakataza kuviondoa. Kabla ya kupanga tarehe, uliza ofisi ya hifadhi iliyoko Skagway ni vipande gani vya njia viko wazi na kama kuvuka mpaka kunaruhusiwa, maana hali hubadilika kutoka msimu mmoja hadi mwingine.